Tairi Lisilosema

Siku mkwe wangu alipoliingiza lile gari uani, nililizunguka mara mbili kabla sijamwitikia hata salamu. Lilikuwa jekundu, fupi, limelala chini kama mtu anayetafuta kitu kilichodondokea uvunguni. Viti viwili. Nikasema labda ni macho yangu, nikachungulia tena. Viwili, basi. Mwanangu ana mimba, mtoto anakuja, na mwanamume analeta nyumbani gari la viti viwili. Sasa huyu anapanga kumwacha nani?

"Shikamoo, mama," akarudia, kwa ile sauti yake ya mtu anayeongea na mgonjwa.

"Marahaba. Fungua buti."

Akafungua. Buti lenyewe ukiweka mkoba wangu wa sokoni limejaa. Nikainua zulia la chini, nikapapasa mpaka kwenye kona. Hamna kitu.

"Tairi la spea liko wapi?"

"Halina, mama. Magari ya namna hii huwa hayana."

Huwa hayana! Naomba mnielewe hapo. Mimi nimeendesha lori nusu ya umri wangu, mpaka magoti yalipogoma. Nimebadilisha matairi kwenye mvua, kwenye matope, na mara moja nikiwa na huyo huyo mwanangu mgongoni. Na baba yake ndiye aliyenifundisha kutoamini maneno ya mtu. Alinipigia simu jioni moja, akasema amepata pancha, atachelewa kidogo. Namsubiri mpaka leo. Kwa hiyo mtu akianza kunieleza habari za matairi, mimi namtazama mdomo kwanza.

Mkwe wangu ni mfamasia. Mpole, msafi, hapandishi sauti hata akikanyagwa kidole. Katika miaka yote niliyokaa kwenye kile chumba chao cha uani sijamsikia akinibishia. Nikisema chumvi imezidi, sawa mama. Nikisema pazia hili baya, sawa mama. Kimoyomoyo nilimpa jina, Bwana Sawa. Mwanangu alisema nimebahatika kupata mkwe mwenye adabu. Mimi machale yalikuwa yananicheza. Mtu asiyebisha kabisa, hayo anayoyakataa anayaweka wapi?

Na sasa mtu mpole kama huyo ananunua gari la mbio. Nilimuuliza mwanangu, akacheka. "Mama, alikuwa analitamani tangu anasoma. Alishalilipia kabla hatujajua kama nina mimba. Mwache alifurahie kidogo."

Nikanyamaza, lakini kunyamaza kwangu si kukubali. Mimba mbili zilikuwa zimeshamharibikia mwanangu. Hii ya tatu tuliibeba sote, hata mimi nilikuwa natembea taratibu. Daktari aliyekuwa akiifuatilia alikuwa hospitali ya mji mwingine, ng'ambo ya kilima, na njia ya kwenda huko ni ndefu na nyumba ni za kuhesabu. Ndiyo njia ambayo lile gari jekundu lingempitisha.

Matairi yake yalikuwa yamelika mpaka yanang'aa. Mkwe akasema atakwenda kuyabadilisha, nikasema nakuja. Basi tukakaa ndani ya kile kikopo, mkwe na mama mkwe, bega kwa bega, jambo ambalo si la heshima hata kidogo. Niliweka mkoba wangu katikati yetu. Kila tulipopita juu ya kokoto niliisikia mpaka kwenye meno.

Muuza matairi alikuwa na shati jeupe lisilo na doa. Hilo lilinitosha. Mtu anashinda na mpira na grisi na shati lake jeupe, basi kazi yake ni mdomo. Akatuonyesha aina mbili. Kwanza ya kawaida, yale ninayoyajua mimi, laini kidogo, yakitoboka yanalala chini na safari imekwisha mpaka ubadilishe. Halafu yale ambayo gari lilikuja nayo, anayaita ranflati.

"Ubavu wake ni mnene na mgumu, mama. Hata upepo ukiisha wote, ubavu peke yake unalibeba gari. Unaendelea na safari. Lakini taratibu, mwendo usizidi themanini, na kilomita zisizidi kama themanini hivi. Ndiyo maana gari halina spea."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo unalitupa, unanunua jingine."

"Kwako."

Akacheka. Mimi sikucheka. "Nimekula chumvi nyingi, baba," nikamwambia. "Tairi likiumia lazima lioneshe limeumia. Hili lako linatembea limekufa, linajidai zima. Huo ni uongo."

"Ndiyo maana kuna taa kwenye dashibodi," akasema. "Haya hayajulikani kwa macho, mama. Iaminini taa."

Eti niamini taa. Nikamgeukia mkwe, nikasema tunachukua ya kawaida, na spea tutaibana humo humo kwenye buti. Akafungua mdomo, akaufunga, akasema, "Sawa, mama. Ngoja tu nimuulize mwenzangu." Akampigia mkewe. Sauti ya mwanangu niliisikia mpaka niliposimama. "Siku nikiwa peke yangu na tumbo hili, nitainama kupiga jeki mimi? Au nisimame porini nimngoje msamaria? Weka hayo yanayoendelea!"

Mkwe akaniomba radhi mara nne. Yakafungwa ranflati. Muuza matairi akanisindikiza mpaka mlangoni, na mimi nikahakikisha mkoba wangu umefungwa.

Sasa niwaambie kuhusu nondo yangu. Dereva wa lori asubuhi hatazami matairi, anayagonga. Nina kipande cha nondo nimekizungushia kitambaa kwenye mpini, nimekuwa nacho tangu lori langu la kwanza. Ukigonga tairi lililojaa, nondo inaruka mkononi na tairi linalia ngo. Likiwa limepungua linasema bwe, kama godoro, na mkono unajua kabla ya sikio. Nondo hiyo haikuwahi kunidanganya, tofauti na watu kadhaa ninaowajua.

Basi kila asubuhi, kabla hawajatoka, niligonga. Ngo, ngo, ngo, ngo. Mkwe anasimama pembeni na funguo zake, anasubiri kama mwanafunzi. "Nendeni," nasema, nao wanakwenda.

Asubuhi moja ya baridi ile taa ikawaka. Mkwe akalipeleka gari kwa shati jeupe, wakalipima, hamna msumari, hamna tundu. Baridi tu, wakasema, wakaongeza upepo kidogo wakamrudisha. Aa! Hapo nikaelewa mchezo. Tairi halioneshi kitu, taa inawaka inapojisikia, na kila ikiwaka unarudi dukani kwao. Nilimweleza mkwe jambo hilo kwa kirefu wakati wa chakula.

"Sawa, mama," akasema, akaendelea kumenya chungwa lake.

Siku yenyewe ilikuwa ya kliniki. Tumbo limeshuka, daktari amesema amwone bila kukosa. Mwanangu alikuwa ameshakaa kitini, mkanda ameupitisha chini ya tumbo, anajipepea kwa bahasha. Mkwe akawasha gari. Taa ikawaka, ya njano, niliiona mwenyewe kupitia dirishani.

Akazima, akawasha tena. Ikawaka tena. Akashuka, akachuchumaa kwenye kila gurudumu, akapapasa. Matairi yote manne yalikuwa yamesimama sawasawa.

"Mama," akasema, "labda nipitie pale dukani kwanza..."

"Sogea."

Nikagonga. La mbele, ngo. La mbele la pili, ngo. Nikazunguka nyuma, ngo, na la mwisho, ngo. Nondo iliruka mkononi vilevile kama siku zote. "Limejaa hili! Yote yamejaa. Taa hiyo inamtafutia bwana wake wateja. Daktari anamsubiri mwanangu, wewe unataka kwenda kukaa kwenye benchi la shati jeupe? Nendeni zenu."

Mwanangu akatoa kichwa nje. "Kuna nini?"

"Hakuna kitu," nikasema.

Mkwe alinitazama. Aliniangalia kwa muda mrefu kuliko kawaida yake, mdomo uko wazi kidogo, halafu akamtazama mkewe, halafu nondo yangu. "Sawa, mama," akasema.

Walipotoka getini, yale macho yake yalibaki na mimi. Alikuwa anataka kusema nini? Niliosha vyombo, nikavirudia. Mtu anayekutazama vile ana jambo. Saa za kufika zikapita, mwanangu hakupiga simu, na yeye hupiga hata akifika dukani. Nikampigia, hapatikani. Nikampigia mkwe, inaita tu. Ndipo mawazo ya zamani yakaanza kunipanda kichwani: viti viwili, njia ndefu, mwanamume mpole asiyesema anachowaza. Nilimwona kabisa akinipigia jioni kuniambia wamepata pancha.

Nikakaa, nikasimama. Nikahitaji mtu wa kumgombeza. Nikachukua nondo yangu, nikaenda kwa muuza matairi.

Nilianza kusema kabla sijafika mlangoni. Nikamwambia ameweka taa ya utapeli kwenye gari la watu, inawatia hofu wajawazito, nikamwambia nimegonga matairi yote kwa mkono wangu huu na yamejaa. Wateja wakageuka. Nilitegemea atabisha, maana kubisha ndiyo kazi yake. Hakubisha.

"Uligonga, mama? Uligonga ranflati?"

"Niligonga, ndiyo. Wewe umezoea watu wasiojua kugonga."

Akanishika kiwiko, akaniongoza mpaka kwenye gari moja lililoegeshwa ndani, la mteja, lina matairi yale yale. Akachuchumaa, akafungua kizibo, akachomoa valvu. Upepo ukatoka, tssss, ukatoka, ukatoka, mpaka ukaisha na pakawa kimya. Tairi halikulala. Lilishuka kidogo sana, huwezi kuapa kwamba limeshuka.

"Gonga sasa."

Nikagonga. Ngo.

Nikabadilisha mkono, nikagonga tena, kwa nguvu. Ngo. Nondo ikaruka kiganjani vilevile, kama ilivyoruka asubuhi. Ndani ya lile tairi hapakuwa na upepo hata wa kujaza puto la mtoto, na lilikuwa linaniimbia wimbo wa tairi zima.

Nilikaa chini hapo hapo sakafuni. Sikumbuki kama nilisema kitu. Nakumbuka nilianza kulia kwa hasira, sijui hasira ya nani. Niliona kile kilima. Niliona kile kikopo chekundu kikiteremka na tairi lililokufa, mwanangu kitini na mkanda chini ya tumbo, na mimi ndiye niliyewaambia nendeni.

Simu ikalia. Mkwe.

"Shikamoo, mama."

"Yuko wapi mwanangu?"

"Yuko hospitali. Gari lilitushinda kwenye mteremko, likaingia kwenye majani ukingoni mwa mtaro. Kuna watu wametuleta. Tumbo linamuuma, daktari yuko naye sasa hivi. Usiwe na wasiwasi, mama."

Aliyenipeleka ni yule mwenye shati jeupe, kwa pikapu yake, bila kuombwa. Njia nzima nilikaa nikijiuliza anataka nini kwangu. Tulipofika kwenye mteremko akapunguza mwendo. Gari jekundu lilikuwa limeinama pembeni, pua kwenye majani. Nyuma yake barabarani kulikuwa na vipande vya mpira, vingine vidogo kama makombo, vimetawanyika kutoka juu kabisa ya kilima. Mtaro ulikuwa mrefu kuliko mimi. Nilifumba macho, nikamwambia twende.

Mwanangu alikuwa amelazwa kiubavu, mashine imefungwa tumboni. Inapiga tu-tu-tu-tu, haraka haraka. Muuguzi akaniambia huo ni moyo wa mtoto, na uko vizuri, maumivu yametulia, ila atalala hapa mpaka kesho wamwangalie. Nikamshika mwanangu mguu, maana ndicho kilichokuwa karibu. Mkwe alikuwa amesimama dirishani, shati limechanika begani.

"Alikuwa anaendesha polepole toka nyumbani," mwanangu akaniambia. Sauti yake haikuwa ya kulia. "Polepole mpaka baiskeli zinatupita. Nikamuuliza kwa nini, akasema kwa ajili ya tumbo. Nikamshukuru, mama. Nikalala."

"Ulijua?" akamuuliza mumewe.

Mkwe akatazama sakafu. Kisha akasema, kwa sauti yake ile ile, "Nilijua. Taa ilikuwa inawaka muda wote. Nilipiga hesabu tukienda polepole tutafika mjini kabla zile kilomita themanini hazijaisha, zikaishia kilimani. Kituo cha mafuta cha kwanza pampu ya upepo ilikuwa mbovu. Cha pili kiko ng'ambo ya kilima."

"Ulijua tangu nyumbani?"

"Tangu nyumbani."

"Na hukusema."

"Mama alikuwa ameshagonga," akasema. "Nisingeweza kumbishia mama mbele yako. Na ningekwambia njiani mngegombana. Niliona si vizuri."

Jamani. Miaka yote hiyo nilikuwa natafuta yale anayoyaficha yule mtu. Nilipekua buti lake, nilimtazama mdomo, nilisikiliza simu zake kupitia ukutani. Kumbe alichokuwa anakificha ni hicho, kwamba mimi nimekosea. Alikibeba mpaka juu ya kilima pamoja na mke wake na mtoto wake, kwa heshima yangu.

Simu ya mkwe ikatetemeka mkononi mwake. Alikuwa yule muuza matairi. Amelitoa gari kwenye majani, analivuta kurudi nalo, rimu moja imeliwa lakini inatengenezeka. Anauliza aweke matairi gani, na mkwe akanitazama mimi. Nawaambieni, hata wakati huo alinitazama mimi, anasubiri niseme.

Mwanangu akanyoosha mkono. "Lete."

Akaweka simu sikioni. "Habari yako, kaka. Ahsante kwa kumleta mama. Tuwekee ya kawaida, yote manne. Ndiyo, najua. Najua nitasimama barabarani, na spea itamaliza buti, tutapakata mizigo. Hilo gari tutaliuza mtoto akizaliwa, lakini mpaka wakati huo tuwekee yale yanayolala chini yakiisha upepo. Yale ambayo hata mtoto akipita anaona. Mimi nakaa na watu wasiosema, kaka. Siwezi kuwa na tairi lisilosema pia."

Akakata. Akanipa simu mimi badala ya mumewe, sijui kwa nini.

Yalikuwa ni matairi niliyoyataka mimi tangu siku ya kwanza, na spea yake kwenye buti. Nilishinda kila nilichokibishania. Nilitamani sakafu ya ile hospitali ipasuke initie ndani.

Nondo ilikuwa bado kwenye mkoba wangu, nilikuja nayo bila kujua. Niliitoa, nikaiweka juu ya kile kikabati cha dawa, nikamgeukia mkwe wangu. Nilitaka kumpiga, na nilitaka kumwomba radhi.

"Sikiliza, baba," nikasema. "Kuanzia leo, nikikosea, nibishie. Mbele ya mtu yeyote. Umenisikia? Nibishie."

Aliinama kidogo, mikono ameikunja mbele, kama anavyofanya kila ninapoongea naye.

"Sawa, mama," akasema.

Mwanangu akageukia ukutani.